Neno wai, kutoka Waikīkī hadi Keʻanae

Jumapili, Honolulu, Hawaii

Ramani ya mabasi ya Honolulu imejaa wai: Waikīkī, Waiʻalae, Waimānalo, Waipahu, Waiʻanae. Hata barabara iliyo nyuma ya hosteli yangu inaitwa Ala Wai. Mkutano wa umwagiliaji ulionileta huku umekwisha, wenzangu wamepanda ndege, mimi nimebaki na likizo yangu na kadi ya basi. Kazi yangu ni mifereji, kule Moshi, na mji unaorudia neno moja la maji kila kituo cha basi si wa kuupita hivihivi.

Dada wa mapokezi, mzaliwa wa Waiʻanae, alinipa somo la kwanza wakati ananitafutia ufunguo. Wai ni maji yasiyo na chumvi. Ya bahari ni kai, na hakuna Mhawaii atakayeyaita wai. Sisi watu wa bara tunasema maji tu, ya bomba na ya Bahari ya Hindi pia, tukitaka kutofautisha tunaongeza chumvi au baridi. Hapa ni maneno mawili yasiyohusiana, na mji mzima unaelekezana kwayo nusu nusu: mauka ni upande wa mlimani, makai ni upande wa baharini. Nilipouliza duka la dawa liko wapi niliambiwa liko makai ya barabara. Kaskazini na kusini sijazisikia tangu nifike.

Akanisomea ramani. Waiʻanae ni maji ya ʻanae, yaani mkizi. Waiʻalae ni ya ʻalae, ndege mweusi wa majini. Waimānalo ni maji yanayonyweka, na Waipahu ni maji yanayopasuka kutoka ardhini. Nikamuuliza kama Hawaiʻi yenyewe nayo imo. Akatikisa kichwa. Jina hilo lina ukoo wake mwingine: ndugu zake ni Savaiʻi, kisiwa cha Samoa, na Hawaiki, ambako Wamaori wa New Zealand husema wazee wao walitokea. Kwa hiyo wai iliyojificha katikati ya Hawaiʻi haihesabiwi.

Nilipompigia mama watoto ilikuwa saa moja jioni hapa. Kwake ilikuwa saa mbili asubuhi ya Jumatatu na watoto wameshakwenda shule. Tofauti ya saa 13 inamfanya mtu aone kama anaongea na watu walio mbele yake maishani.

Jumatatu, Waikīkī

Waikīkī maana yake ni maji yanayobubujika kwa nguvu. Nimetembea kutwa, na maji ya namna hiyo niliyoyaona ni ya chemchemi za mapambo mbele ya hoteli.

Lakini jina halikutungwa na watu wa utalii. Mito ya Makiki, Mānoa na Pālolo ilikuwa ikishuka kutoka milima ya Koʻolau na kutawanyika hapa kabla ya kufika baharini. Uwanda wote ulikuwa tope, chemchemi, mabwawa ya samaki na mashamba ya kalo, yaani magimbi. Karne ya 19 ilipoelekea mwisho, wakulima wa Kichina wakalima mpunga humo na kufuga bata. Kisha kati ya mwaka 1921 na 1928 ukachimbwa mfereji wa Ala Wai, ukakinga mito yote mitatu, na udongo uliochimbwa ukatumika kufukia mabwawa. Hoteli ya Royal Hawaiian, ile ya waridi, ilifunguliwa mwaka 1927, kabla mfereji haujakamilika.

Nimeutembelea mfereji kwa jicho la kazi. Una urefu wa kama kilomita 2.4, umenyooka, na karibu hauna mteremko. Mito mitatu ya milimani inaingia humo na mchanga wake, taka zake na majani yake, halafu inasimama. Rangi ni ya kijani kizito. Mwanafunzi wangu akiniletea mchoro wa namna hii namrudisha akaanze upya. Ila jioni vijana wanakuja na mitumbwi yao, waʻa, yenye gogo moja la pembeni la kuizuia isipinduke, na wanapiga kasia kwa kupokezana sauti, huku magari yamesimama foleni juu ya daraja. Ala Wai ni njia ya maji. Kwa mvua kubwa maji hukumbuka kwamba zamani yalikuwa na njia nyingi.

Jumanne, Mānoa

Maktaba ya chuo kikuu. Kamusi kubwa ya Kihawaii ni ya Mary Kawena Pukui na Samuel Elbert, ilitoka kwanza mwaka 1957, na toleo linalotumika sana ni la 1986. Nilikaa na ukurasa wa wai asubuhi nzima, nikisaidiwa na mama mmoja anayefundisha lugha. Wanafunzi wanamwita kumu, mwalimu, nami nikafuata.

Maji baridi ndiyo maana ya kwanza. Baada ya hapo neno linaanza kumwagika. Kila kitu kinachotiririka bila kuwa bahari ni wai: utomvu wa mti, juisi ya tunda, hata vinavyotoka mwilini mwa binadamu, damu ikiwamo. Maziwa ni waiū, wai ya titi. Machozi ni waimaka, wai ya jicho. Asali ni wai meli. Rangi ni waihoʻoluʻu, kwa kuwa rangi ilipatikana kwa kuchovya kitambaa kwenye maji yake. Pombe ni waiʻona, wai inayolewesha, na hapo nilimweleza kumu kwamba kwetu mtu akirudi nyumbani anayumba tunasema amepiga maji. Alifurahi sana, akaiandika pembeni ya daftari lake.

Halafu ukilirudia neno mara mbili, waiwai, unapata mali. Utajiri, thamani, bidhaa, rasilimali, vyote ni waiwai. Mwenye maji na maji ndiye mwenye nacho. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nimeshakaa vikao vya ukame vya kutosha.

Tulipobishana ni kwenye maana ya mwisho. Wai pia ni nani. ʻO wai kou inoa? Jina lako nani? Kumu alisema kwamba hapo ndipo penye siri: ukimuuliza mtu yeye ni nani unamuuliza maji yake ni yapi, ametoka bonde gani, amenyweshwa na mto upi. Ni maelezo matamu na nimeyasikia kwa watu kadhaa tangu nifike. Mimi nikatoa lugha za jirani. Kitonga husema hai kwa nani na vai kwa maji, maneno mawili tofauti kabisa. Samoa husema ai na vai. Huku Hawaii, na kwa Wamaori kule New Zealand, sauti zimesogea mpaka yale mawili yakagongana na kuwa moja. Kwa hiyo ni bahati ya matamshi.

Kumu hakukataa. Alisema anazijua hai na vai tangu chuoni. Lakini watu wameishi ndani ya mgongano huo kwa mamia ya miaka, wameutungia nyimbo na mafumbo, na wana neno la ufundi huo, kaona, yaani maana iliyofichwa chini ya maana. Mwenye kusikiliza mashairi ya Kihawaii bila kuwinda kaona ameambulia maganda. Nikakumbuka washairi wa Mvita na mafumbo yao, nikakaa kimya. Bado naamini ni bahati ya matamshi.

Bibi yake kumu alichapwa shuleni kwa kusema Kihawaii. Sheria ya 1896, miaka mitatu baada ya Malkia Liliʻuokalani kupinduliwa, ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na vizazi vilivyofuata vikanyamaza. Kihawaii kilirudi kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978, na mwaka 1984 ikafunguliwa kwenye kisiwa cha Kauaʻi shule ya kwanza ya Pūnana Leo, kiota cha lugha, ambamo watoto wadogo husikia Kihawaii tu. Kumu mwenyewe alikipata ukubwani. Wanawe wamekipata mdomoni mwake.

Wakati naondoka alinionyesha alama ya maji ya mwaka 2004, usiku ambao mto wa Mānoa ulifurika na kuingia ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo. Ramani na nyaraka nyingi ziliharibika. Wai, alisema, haisomi mabango.

Jumatano, Kānewai

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Pembeni ya chuo, kando ya mto uleule wa Mānoa, kuna mashamba ya kalo yaliyofufuliwa na wanafunzi na wazee kuanzia mwaka 1980. Jina la mahali, Kānewai, linabeba Kāne, mungu ambaye chemchemi na mito ni zake. Walinipa kaptula ya kuazima na kunipeleka topeni.

Shamba la kalo linaitwa loʻi. Ni jaruba lenye tuta pande zote, maji yakifika kwenye muundi, tope laini mno hivi kwamba mguu unazama kabla hujaamua kuuzamisha. Mzee tuliyemwita anakala, mjomba, alikata kichwa cha gimbi na kuacha kipande chembamba pamoja na bua lake. Kipande hicho ndicho huli, mbegu. Unakididimiza kwa kidole gumba, unakibana tope kwa mkono wa pili, unasogea hatua moja. Alinionyesha pale bua linapoungana na jani: panaitwa piko, kitovu. Machipukizi yanayozunguka mama yanaitwa ʻohā, na kutoka hapo likapatikana neno ʻohana, familia. Kwa simulizi zao kalo ni kaka wa binadamu. Mtoto wa kwanza wa Wākea na Hoʻohokukalani alizaliwa mfu, akazikwa, na kaburini pakaota kalo. Mtoto wa pili, Hāloa, ndiye mwanzo wa watu. Kwa hiyo wanapolima wanamtunza mkubwa wao, na mbele ya bakuli la poi, chakula cha kalo, watu hawagombani.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mfereji. Unaitwa ʻauwai. Unaanzia kwenye poʻowai, kichwa cha maji, ambacho ni kizuizi cha mawe yaliyopangwa bila saruji. Kinavuja, na kinavuja kwa makusudi: mto lazima uendelee na safari yake. Maji yanaingia loʻi ya juu, yanatoka kupitia nafasi kwenye tuta, yanaingia ya pili, ya tatu, na ya mwisho inayarudisha mtoni. Hayasimami popote. Yakisimama yanapata joto, na yakipita nyuzi 25 hivi kalo huoza chini kwa chini. Kwa hiyo mkulima wa kalo hahitaji maji mengi ya kubaki nayo. Anahitaji mengi ya kupita.

Nilihisi niko Machame. Mfongo, mfereji wa kwetu, unaanza hivihivi, kwa mawe, magogo ya migomba na majani, na unavuja hivihivi. Zamu zinagawanywa kwa saa, na asiyekuja siku ya kusafisha mfongo anajua faini yake itakuwa mbege, pombe ya ndizi, ya watu wote. Anakala alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapa zamani zamu zilisimamiwa na luna wai, msimamizi wa maji, chini ya konohiki aliyeangalia eneo zima kutoka mlimani hadi baharini. Mgawo wa mtu ulifuata jasho alilolitoa kuchimba na kusafisha. Asiyetia mkono hakutiliwa maji.

Na hapo akaliweka neno ambalo kumu alikuwa ameniachia nilikute mwenyewe. Sheria kwa Kihawaii ni kānāwai. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba limetoka kwenye nā wai, maji mengi: taratibu za kugawana maji ndizo zilizokuwa sheria kabla ya sheria nyingine yoyote. Baada ya ubishi wa jana ningetazamiwa kulitilia shaka na hili. Sikulitilia. Nimeona watu waliokataa kumsikiliza mwenyekiti wa kijiji, mchungaji na mkuu wa wilaya wakatii zamu ya mfongo saa tisa usiku, na tochi mkononi.

Alhamisi, Waiāhole

Basi la kuzunguka upande wa upepo wa Oʻahu, kisiwa cha Honolulu, ambako Koʻolau inasimama wima na mawingu yamefungwa kilemba juu yake. Mvua yote iko huku. Miwa ilikuwa upande wa pili, kwenye uwanda mkavu wa kati na wa magharibi. Mwaka 1916 kampuni ya sukari ikakamilisha mfereji wa Waiāhole, unaopita ndani ya mlima kwa mahandaki, ukachukua maji ya huku na kuyapeleka kule. Kama kazi ya uhandisi naivulia kofia. Kama jirani wa chini ya mto ningeivunja.

Mashamba ya miwa yalifungwa mwaka 1995, na watu wa bonde wakataka mito yao irudi. Ikawa kesi. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Hawaii ilitoa hukumu ambayo wanasheria wa maji duniani huitaja mpaka leo: maji ni amana ya umma, jimbo ni mdhamini tu, na anayetaka kuyachepusha kwa biashara ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba hataumiza mto. Msingi ulikuwa umewekwa mapema, kwenye hukumu ya 1973 iliyotamka kwamba kampuni za sukari hazimiliki mito, na kwenye katiba ya jimbo iliyorekebishwa mwaka 1978.

Nimekula laulau, nyama iliyofungwa kwenye majani ya kalo na kupikwa kwa mvuke hadi majani yakawa kisamvu, pamoja na poi. Poi ni kalo iliyotwangwa na kuongezwa maji. Rangi ya kijivu na zambarau, inanata vidoleni, ikikaa siku mbili inachachuka kidogo. Wageni wengi wanaikejeli. Mimi nimerudia bakuli.

Magari mengi njiani yana kibandiko cha Ola i ka wai, uhai umo katika maji. Nilidhani ni cha wakulima. Mama aliyekaa nami basini alisema vingi ni vya tangu Novemba 2021, mafuta ya ndege yalipovuja kutoka ghala la chini ya ardhi la Jeshi la Majini la Marekani, Red Hill, na kuingia kwenye kisima cha mfumo unaohudumia watu wapatao 93,000. Ghala lile lina matangi 20 yaliyochimbwa ndani ya kilima, juu kabisa ya mwamba unaohifadhi maji ya kunywa ya Honolulu. Watu walifungua bomba na kunusa mafuta. Maelfu waliugua. Machi 2022 serikali ya Marekani ikatangaza kulifunga.

Ijumaa, njiani

Honolulu hadi Kahului, Maui, ni safari ya ndege isiyofika saa moja. Kutoka dirishani unaona uwanda wa kati wa kisiwa, ambako kampuni ya mwisho ya sukari Hawaii ilivuna mara ya mwisho Desemba 2016. Gari la kukodi lina harufu ya mafuta ya jua. Sina zaidi.

Jumamosi, Wailuku

Wailuku ni maji ya maangamizi. Mwaka 1790 Kamehameha, akiwa bado anaviunganisha visiwa chini yake, alipigana na jeshi la Maui kwenye bonde la ʻĪao juu ya mji huu. Alikuwa na mizinga na Wazungu wawili wa kuiendesha. Vita vile vinaitwa Kepaniwai, kuziba kwa maji, kwa sababu miili ilijaa mtoni hadi ikaukinga. Bustani ya mapumziko iliyopo hapo leo inaitwa Kepaniwai vilevile, na familia zinachoma nyama kando ya mto. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akigeuza kuku kama anajua jina linamaanisha nini. Alijua vizuri kuliko nilivyolisoma.

Wailuku ni mmoja kati ya mito minne. Mingine ni Waikapū, Waiehu na Waiheʻe, na kwa pamoja inaitwa Nā Wai ʻEhā, Maji Manne. Hili lilikuwa eneo kubwa la kalo, moja ya makubwa kabisa visiwani. Karne ya 19 mito yote minne ilichepushwa kwa miwa, na sehemu za chini zikawa mawe makavu. Mwaka 2004 wakazi walipeleka madai kwenye tume ya maji ya jimbo. Tume iliamua mwaka 2010 na kurudisha kidogo, Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo mwaka 2012 ukafanywe upya, na mwaka 2014 pande zote zikakubaliana. Maji yakaachiwa kwenye Wailuku na Waikapū.

Nimesimama kwenye daraja la chini karibu na bahari. Kina kinafika magotini, safi. Mwenye nyumba ninayolala, mama wa makamo, alikuwepo siku yalipofunguliwa. Anasema maji yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu mbele yake, na wazee walitembea sambamba nayo kuelekea baharini. Hakusema walilia, lakini alipofika hapo alitumia neno waimaka na akaenda jikoni.

Jumapili

Sikwenda Lāhainā. Wageni wengine walikuwa wakipanga kwenda kuona. Moto wa tarehe 8 Agosti 2023 uliua watu 102 na mji wao bado ni makovu. Sina kazi huko na si mahali pa kupiga picha. Nitaandika tu kwamba mji ule mkavu, ambao jina lake huelezwa kuwa jua kali, ulikuwa na ziwa dogo liitwalo Mokuhinia, na ndani yake kisiwa cha Mokuʻula, makao ya machifu wa Maui na ya Mfalme Kamehameha III kabla serikali yake haijahamia Honolulu mwaka 1845. Mito iliyokuwa ikililisha ziwa ilichepushwa kwenda kwenye miwa, ziwa likawa dimbwi la mbu, na mwanzoni mwa karne ya 20 likafukiwa na kufanywa uwanja wa mchezo. Tangu moto ule, mabishano ya Maui juu ya nani ana haki na mito ya upande ule yamekuwa makali kuliko wakati wowote.

Jumatatu, Keʻanae

Barabara ya Hāna ina kona zaidi ya 600 na madaraja 59, mengi yao ya gari moja kwa wakati. Unasubiri, unapunga mkono, unapita. Chini ya karibu kila daraja kuna mto, na juu ya barabara, ndani ya msitu, kuna mfereji unaousubiri. Kazi hiyo ilianza mwaka 1876, mwaka ambao mkataba na Marekani uliondoa ushuru kwa sukari ya Hawaii na kila mwenye ardhi akataka miwa. Samuel Alexander na Henry Baldwin ndio walioanza. Mwishoni mtandao ulifika kilomita zaidi ya 100 za mifereji na mahandaki, ukivuna mito ya mashariki na kuipeleka kwenye uwanda niliouona kutoka ndegeni.

Keʻanae ni ulimi wa lava uliolala baharini, na juu yake ni kalo tupu, jaruba kwa jaruba, hadi mawimbi. Kuna kanisa la mawe la 1860 lililobaki limesimama baada ya tsunami ya Aprili 1, 1946 kuzoa karibu kila kitu kingine. Kuna mkate wa ndizi unaouzwa ungali wa moto. Na kuna mzee mmoja, rafiki wa yule anakala wa Kānewai, aliyeambiwa nakuja. Aliniita braddah, Kipijini cha hapa, nami nikamwita anakala. Hakuniuliza jina hadi tulipofika kwenye poʻowai.

Wakulima wa huku walipeleka madai yao mwaka 2001, na tume ikatoa uamuzi mwaka 2018, mito kadhaa ya kalo ikarudishiwa maji yote. Miaka 17. Wapo waliokufa wakisubiri, alisema, na mashamba yao yalishakuwa vichaka. Alinionyesha loʻi mbili alizozifufua baada ya uamuzi na moja ambayo nguvu zake hazitaifikia. Alitia kipimajoto majini, akasoma, akakirudisha mfukoni bila kuniambia. Nilimwona ameridhika.

Kisha akaniuliza: na huko kwenu, maji ni ya nani?

Nikaanza na jibu la ofisini. Kwa sheria ya mwaka 2009, maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuyatumia aombe kibali kwa bodi ya bonde lake. Kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Nikaongeza jibu la babu yangu: mfongo ni wa ukoo ulioupasua, na aliyekuja baadaye aombe kwa adabu. Akauliza ni lipi linalofuatwa. Nikamwambia inategemea mwezi. Masika tunafuata la ofisini, Januari tunafuata la babu.

Alicheka hadi akashika jembe. Akasema hapa nao wana majibu mawili, ila wao waliyapeleka mahakamani na mawakili wakanunua nyumba.

Majani ya mti wa hau yalikuwa yameziba mlango wa ʻauwai, tukaingia kuyatoa. Mvua ya upande huu haitoi taarifa, ilitukuta tumeinama. Yeye alitaka tuondoe mawe mawili ili loʻi ya juu ipate zaidi, mimi nilisema moja linatosha, tukawa tunavutana hapo tumelowa chapa, hadi jirani wa chini akatokeza tutani kwake, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, na kupiga kelele akitaka kujua tunayafanya nini maji yake.